Wifi Yangu wa Swichibodi

Sijui nani aliwaambia vijana wa siku hizi kwamba mtu mzee ni redio, ukimgusa kidogo tu anaanza kusema. Mjukuu wangu kaniwekea karatasi na kalamu mezani, kasema, "Bibi, andika habari za bibi wa simu kabla hujasahau." Kabla sijasahau! Mimi nakumbuka rangi ya kitambaa cha kila gauni nililowahi kuharibu, halafu mtoto anayesahau funguo mlangoni ananiambia mimi nisisahau. Na anajua kuandika kwenyewe kulivyo kwangu. Shule niliionja tu, nikatolewa kwenda kulea mdogo wangu, na mpaka leo herufi zangu zinatembea upande upande kama mbuzi waliofungwa kamba moja.

Nimekubali kwa sababu moja tu. Katika familia hii inazunguka hadithi kwamba wifi yangu alinitega kwa simu. Wanaisimulia kwenye harusi, wanacheka, wananitazama usoni. Sasa naandika mimi mwenyewe niliyekuwepo. Sikutegwa.

Wifi yangu alikuwa dada wa marehemu mume wangu, mkubwa kwake. Mrefu, mwembamba, na mwenye sauti. Watu wengine Mungu huwapa nywele, wengine miguu, yeye alipewa sauti. Kiwanda cha saruji kilipotafuta opereta wa simu, bwana wa ofisi aliwasimamisha wasichana nyuma ya mlango, kila mmoja aseme "haloo" bila yeye kumwona. Wifi aliposema haloo yake, yule bwana aliinuka akafungua mlango mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyosimulia wifi. Mimi sikuwepo, lakini nilivyoijua ile haloo, naamini.

Nilimpelekea chakula kazini siku moja nikamkuta kwenye swichibodi. Lilikuwa kama kabati la mbao, limejaa matundu na kamba zenye vichwa vya shaba. Kijitaa kinawaka, anachomeka kamba hapa, anauliza, anachomeka nyingine kule, na watu wawili waliokuwa mbalimbali wanakutana. Mikono inapishana, macho hayapo hata kwenye mikono. Vumbi la saruji limekaa juu ya kila kitu, hadi kwenye kope zake. Nikasema moyoni, kumbe huyu naye ni fundi cherehani, ila mimi naunga vitambaa na yeye anaunga watu.

Aliolewa mara moja. Mume akamwambia achague, yeye au swichibodi. Wifi alisema yule bwana hakufika hata kwenye neno "swichibodi," alimkuta ameshafunga kanga yake na sufuria mbili. Hakuwahi kuzaa. Binti yangu wa pekee ndiye aliyekuwa mtoto wake, akimwita shangazi asubuhi hadi jioni, na mwenyewe akitaka kitu alichonyimwa na mimi alijua kabisa dirisha gani la kugonga.

Ndugu yake, mume wangu, alipofariki, wifi akahamia kwangu. Watu walitabiri tutang'oana nywele. Tuligombana, ndiyo, kila siku ya Mungu, juu ya chumvi, juu ya mapazia, juu ya nani alilala na mlango wa nyuma wazi. Lakini mtu ambaye unagombana naye kila siku maana yake kila siku yupo.

Kiwandani wakaleta mitambo mipya isiyohitaji mtu wa kuchomeka kamba, wakampa wifi mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Saa ile alimpa jirani. Yeye alichotaka ni simu. Akaenda, akarudi, akaenda, mpaka wakaja kuvuta waya nyumbani, na ndiyo ikawa simu ya kwanza katika mtaa wetu. Nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, na ule mduara wa kuzungusha kwa kidole. Tuliiweka sebuleni kwenye kigoda chake, karibu na cherehani yangu.

Siku zile simu ilikuwa ya mtaa mzima. Ikilia, wifi anapokea, anasikiliza, anauweka mkono wa simu mezani taratibu kama anamlaza mtoto, kisha anatoka barazani:

"Mama wa kona! Mwanao huyo, anaongea kutoka bara! Kimbia, acha hiyo ndoo!"

Na mama wa kona anakuja mbio mikono ina sabuni, sisi tunajifanya hatusikii, na akimaliza tunamwuliza anaendeleaje huyo kijana na kile kikohozi chake. Hakuna aliyeuliza tumejuaje. Leo kila mtu ana simu mfukoni na hakuna anayejua jirani yake anakohoa.

Basi, nifike kwenye jambo lenyewe, maana karatasi si nyingi.

Mimi na binti yangu tuligombana kwa ajili ya gauni. Alikuwa anaolewa. Mimi, mama yake, fundi ambaye nusu ya maharusi wa mji ule wametembea ndani ya uzi wangu, nilishakata kitambaa, nilishaunga mabega. Binti akaja na boksi. Ndani yake gauni la dukani, limetengenezwa na mashine na watu wasiomjua hata jina, kiunoni limekaa kama gunia. Akasema ndilo analolitaka. Nikasema langu, akasema lake. Yaliyosemwa siyaandiki. Akaolewa ndani ya lile gunia, akahama na mumewe mji wa mbali, na simu yetu ikakaa kimya upande wake. Miaka ikapita. Tulisikia kwa watu kwamba amejifungua mtoto wa kike. Kwa watu! Wifi alitaka kumtafuta. Nikamwambia, "Mtoto ndiye anamtafuta mama. Akinitaka, namba yetu haijabadilika, anaijua tangu akiwa na meno ya maziwa."

"Na wewe ukimtaka?" wifi akauliza.

"Nani kasema namtaka?"

Wifi akatazama dari, akaenda jikoni kugombanisha vikombe.

Ndipo akaja fundi wa simu. Kijana mcheshi, alianza kazi wakati wifi bado yuko kiwandani, kwa hiyo walijuana kwa sauti kabla hawajajuana kwa sura. Akasema ile nyeusi imezeeka, akatuletea ya kijivu yenye vitufe na kijidirisha cha kioo juu. Na mambo matatu mapya.

"La kwanza, mama," akamwambia wifi, "mtu akipiga, namba yake inatokea hapa dirishani. Unamjua kabla hujapokea. Na inazitunza namba kumi za mwisho, hata usipokuwepo."

"Ikiingia ya kumi na moja?"

"Ya chini kabisa inaanguka. Inapotea."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inapotea tu."

Wifi hakulipenda dirisha lile. Alisema mtu asionwe namba kabla hajasikiwa sauti, ni kama kumchungulia mgeni kwenye tundu la mlango. Akalifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, chenye ua katikati.

"La pili, ukiwa unaongea na mtu, mwingine akipiga, utasikia tip, tip sikioni. Bonyeza hiki, wa kwanza anasubiri, unaongea na wa pili. Bonyeza tena, umerudi."

Hilo wifi alilipenda! Uso wake ulinyooka, nikamwona tena yule wa kwenye swichibodi. Kuanzia hapo ilikuwa shida. Anamsikiliza mama wa kona, ambaye naye alikuwa ameshavuta waya wake, habari za goti lake, tip, tip, "Ngoja kidogo mpenzi, nina laini nyingine," anabonyeza, anachukua oda yangu ya blauzi, anabonyeza, "Ehe, goti likafanyaje?" Hakukosea hata siku moja. Aliyekosea ni mimi. Siku ya kwanza nilikuwa naongea na mteja, mke wa daktari, nikasikia tip, tip. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini acha kugongagonga meza ninapoongea na wewe." Akaapa hagongi. Tip, tip. Nikamwambia, "Si hapo unagonga tena!" Yule mama hakuleta nguo kwangu mpaka mwaka mwingine. Wifi alicheka akalala chini kwenye mkeka.

"La tatu," fundi akasema, "msipokuwepo, simu yenyewe inapokea. Inasema maneno yako, kisha anayepiga anaacha ujumbe wa sauti. Mkirudi, mtakuta taa nyekundu inawakawaka. Haya mama, sema maneno yako baada ya mlio."

Wifi akasimama. Akakaza kilemba. Akakohoa. Mlio ukalia, na ile sauti ikatoka kama maji ya mtungini:

"Kiwanda cha saruji, habari za leo, nikuunganishe na idara gani?"

Fundi alikaa sakafuni akajishika mbavu. Mimi niliacha cherehani. Wifi mwenyewe akajiziba mdomo.

"Tufute, mama, urudie," fundi akasema akijifuta macho.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri sana, lakini..."

"Imetoka safi, basi. Sirudii. Opereta harudii."

Na mnaniita mimi mkaidi. Basi ikabaki hivyo. Wateja wakazoea. Mmoja alikuwa anaacha ujumbe, "Niunganishe na idara ya magauni, mwambieni mkuu wa idara sketi yangu bado anaikalia."

Sasa. Siku moja tulikwenda mazishi ya mtu wa mtaa wa pili, tukarudi mchana, taa nyekundu inawaka. Wifi akabonyeza, tukasikiliza tumesimama na viatu vyetu. Hakuna neno. Kimya kidogo. Halafu kicheko. Kifupi, cha mtu aliyeponyokwa, akakirudisha haraka. Halafu pumzi. Kwa mbali kitoto kinaimba wimbo usio na kichwa wala miguu. Halafu ikakatika.

Wifi akabonyeza tena. Kicheko. Akabonyeza tena.

"Wifi," akaniambia polepole, "huyo ni mwanao."

"Huyo ni mtu aliyekosea namba akasikia upuuzi wako wa saruji akacheka."

"Kicheko hicho nimekilea."

"Basi kama ni yeye mbona hakusema?"

"Alicheka kwa kunisikia mimi. Kisha akakukumbuka wewe."

Nilivua viatu, nikaketi kwenye cherehani, nikashona mshono mrefu wa pindo ambalo halikuwa na haja ya kushonwa.

Wifi akaondoa kile kitambaa chake kwenye dirisha. Namba ilikuwepo, ya juu kabisa. "Hii hapa. Mpigie."

"Yeye ndiye anatakiwa apige."

"Ameshapiga! Ni zamu yako."

"Amepiga mashine. Hajanipigia mimi."

"Mashine ya nani? Iko nyumba ya nani?"

"Ya kiwanda cha saruji," nikamwambia. "Umesema mwenyewe."

Wifi hakucheka. Alirudisha kitambaa dirishani, akasema neno lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki. "Mimi siiandiki hiyo namba na siipigi. Mimi si mama yake. Itaanguka hiyo, wifi. Sikia vizuri. Kila anayetupigia anaisukuma chini. Ikishaanguka, imeanguka."

Wifi yangu alikuwa na maneno machache alipokuwa na hasira ya kweli. Siku ile nilijua ana hasira ya kweli.

Sasa mnielewe, mimi sikuwa na mpango wowote. Lakini mtu akipangusa vumbi sebuleni, na vumbi kwetu lilikuwa jingi, lazima ainue kitambaa cha simu, na akiinua kitambaa anaona dirisha, na kitufe cha kushukia kiko palepale. Namba sikuikariri. Ilikuwa ndefu, na macho yangu yalikuwa yameshaanza kunisaliti. Lakini nililijua umbo lake, kama unavyomjua mtu kwa mwendo akiwa bado mbali. Ilianza na saba na mwishoni ilikuwa na mbili mbili mbili, kama bata wanaofuatana.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya tatu. Mke wa daktari alipiga, na mama wa kona. Kesho yake ikawa ya tano. Sijawahi kuwachukia wateja wangu kama wiki ile. Simu ikilia nasema moyoni, kafie mbali wewe na zipu yako. Mtu mmoja alipiga mara mbili kwa ajili ya vifungo. Vifungo! Nikamwambia aje mwenyewe nyumbani achague, asipige tena, simu yetu ni mbovu. Wifi alikuwa anachambua mchele pale pale. Aliinua macho, akayarudisha kwenye mchele.

"Simu ni mbovu?" akauliza.

"Inakwaruza."

"Aah."

Akaendelea kuchambua. Baadaye nilimsikia barazani akimwambia mama wa kona, "Ukinitaka wewe panda tu ngazi uje, miguu unayo. Acha kupiga piga."

"Na goti langu hili?"

"Lete na goti."

Lakini mji mzima huwezi kuufunga mdomo. Ikawa ya saba. Ikawa ya tisa. Usiniulize kwa nini sikuchukua kalamu nikaiandika. Kuandika ni kusema unataka kitu. Kuna watu wanaweza kufanya hivyo bila kuumwa, na kuna sisi.

Asubuhi moja niliinua kitambaa, nikashuka, nikashuka, nikaikuta chini kabisa. Bata wangu watatu wamesimama ukingoni. Simu moja tu, ya mtu yeyote, ya mtu wa vifungo, na basi.

Asubuhi ileile, nilipokuwa nafagia nyuma ya kigoda cha simu, waya wa simu ulichomoka ukutani. Mtu akifagia vizuri mambo hayo hutokea. Niliuona umechomoka, nikafikiria kuurudisha, kisha nikakumbuka nguo za kuanika. Nikachukua beseni nikaenda uani.

Nilianika kwa utaratibu sana. Nilinyoosha kila shuka. Nilikuwa kwenye foronya ya mwisho niliposikia sauti ya wifi kutoka sebuleni, ile haloo yake, ya kazini, yenye ncha. Nikajua ameukuta waya chini. Ameurudisha. Na yeye ndiye anaongea, simu haikulia, maana yake kapiga yeye, yule aliyesema hapigi.

Sikukimbia. Nilitembea. Nilipofika mlango wa nyuma nikamsikia akisema, "Ngoja hapo hapo, usikate, nakuunganisha." Kisha akaita kwa nguvu kama mtaa mzima ni kiziwi:

"Wifi! Mteja wako! Ameingia kwenye laini ya pili, mimi nilikuwa naongea na mama wa kona! Njoo, anataka kushonewa!"

Mikono yangu ilikuwa na maji. Nikaifuta kwenye kanga upande mmoja, nikaifuta upande wa pili. Wifi amenyoosha mkono wa simu huku anatazama ukutani kama kuna picha, na hakuna picha. Kile kitambaa cha ua kilikuwa sakafuni.

Nikatazama dirisha. Saba mwanzoni. Mbili, mbili, mbili.

Hapa ndipo wasimulizi wa kwenye harusi wanapokosea. Wanasema nilipokea nikidhani ni mteja. Mimi niliona namba. Nilijua ni nani kabla sijagusa ile simu. Ningeweza kugeuka nikarudi kwenye foronya zangu. Niliipokea kwa mkono wangu huu huu wa kulia, nikiwa na akili zangu timamu.

"Haloo. Fundi hapa."

Upande wa pili ukajibu, "Haloo." Sauti imekuwa nzito kidogo. Sauti ya mwanamke mwenye nyumba yake. "Nimesikia... nimesikia mnashona."

"Tunashona. Nguo ya nani?"

"Ya mtoto."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Ya kuvaa wapi?"

"Ya... ya kuvaa tu. Nzuri. Nimetafuta madukani, zote zinamkaa vibaya kiunoni."

Wifi alikuwa bado anautazama ukuta, lakini sikio moja limesimama kama la sungura.

"Za dukani ndivyo zilivyo," nikasema. "Vipimo unavyo?"

"Sina."

"Futi ya kupimia huna nyumbani?"

"Ninayo. Ya njano. Niliondoka nayo."

Futi yangu ya njano! Niliitafuta nyumba nzima, nilimtuhumu wifi, nilimtuhumu mama wa kona na goti lake. Tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji nilikuwa nayo, mwanzo wake umeliwa, unaanzia kwenye tatu. Amebeba gunia la dukani mgongoni, na mkobani amebeba futi ya mama yake.

"Hiyo imekatika mwanzoni," nikamwambia. "Ukipimia hiyo, lazima upunguze."

"Najua. Nakumbuka."

"Basi pima. Mabega kwanza."

Nikasikia simu inawekwa chini, viti vinasogezwa, kile kiwimbo kisicho na kichwa kinakuja karibu. Na sauti ya binti yangu, kwa mbali, haikusemwa kwangu: "Simama wima, mama. Usicheze. Bibi yako anataka mabega."

Niliketi. Sikuona hata nimeketi wapi, nilikaa juu ya gauni la mtu lenye pini, na sikuzisikia zile pini mpaka jioni.

Akarudi. "Haloo? Ni kumi na tatu, nikipunguza..."

"Vipimo vya simu havifai," nikasema. "Mabega ya mtoto lazima uyashike. Mlete nimpime mwenyewe."

Akavuta pumzi. Ile ile pumzi ya kwenye mashine. "Tukija, utatufungulia?"

"Mteja hafungiwi mlango," nikamwambia. "Na hiyo futi uje nayo. Si yako."

Akacheka. Safari hii hakukirudisha kicheko chake, alikiacha kikatoka chote, na katikati kikabadilika kikawa kitu kingine, nami nikamwambia asilie kwenye simu, sauti inaharibika. Nadhani na yangu ilikuwa imeharibika kidogo. Ile simu ilikuwa inakwaruza.

Nilipoiweka simu chini, wifi alikuwa ameshahamia jikoni. "Yule mama wa kona alikata," akapaza sauti. "Alichoka kusubiri."

"Mama wa kona yuko barazani kwake," nikamjibu. "Namwona kutoka hapa, anapasua kuni."

"Basi laini ziliingiliana."

"Ziliingiliana," nikasema.

Hatukulizungumza tena, mpaka alipokufa. Yeye alijua waya ulivyochomoka, mimi nilijua laini ya pili haikuwepo, tukaishi vizuri kabisa na hayo mawili ndani ya nyumba.

Walikuja na basi la asubuhi. Mtoto alikuwa na mabega ya marehemu babu yake, moja juu moja chini, ambayo hakuna duka duniani lingeyajua. Nilimshonea gauni la rangi ya maji ya bahari, lenye mkunjo wa siri upande wa kushoto ili yakae sawa. Ndiye huyu anayeniwekea karatasi mezani leo. Binti yangu alikaa kwenye mkeka akatunga uzi kwenye sindano zangu zote bila kuambiwa, na shangazi yake akasimama mlangoni akiwapigia watu simu, mmoja baada ya mwingine, laini ya kwanza, laini ya pili, kuwaambia, "Wamefika! Ngoja kidogo mpenzi. Haloo, wamefika!"

Sasa nyumba ni kimya. Simu ya kijivu wameikata, wanasema waya za zamani haziungwi tena. Wananiletea hizi ndogo za kuteleza kama sabuni, zinazolia nyimbo. Nikipigiwa naona sura ya mtu kabla hajasema neno. Sipendi. Ninachokikosa ni ile sebule, cherehani yangu inakwenda, wifi amesimama na mkono wa simu begani, anawaunganisha watu wasiotaka kuunganishwa, na nje mtu anakuja mbio na mikono ya sabuni. Wifi alizikwa siku ya mvua. Mtaa mzima ulikuja, na wote walikuwa na jambo moja la kusimulia: siku aliyowaita barazani.

Haya, mimi nimemaliza, mkono unaniuma hadi begani. Wewe uliyekaa hapo ukasoma bure habari za mwenzio, usidhani umemaliza. Na wewe unaye wifi, au shangazi, au jirani mwenye goti. Chukua karatasi, andika habari zake, uniletee. Ziwe za kweli, usinipambie. Na uandike herufi kubwa, maana sina subira ya kukodoa macho.